Bango Lilimlenga Nani? Matangazo ya Tamthilia Kitale na Bungoma

Ifikapo Agosti ya kila mwaka wa tarakimu shufwa, katika vijiji vya Wabukusu kuanzia Kimilili hadi Sirisia, kijana anayejiandaa kutahiriwa hutoka kwao ameshika chinyimba, njuga za chuma anazozigonga kwenye bangili za mikononi huku akicheza na wenzake wakimwimbia. Huzunguka boma baada ya boma kualika jamaa, mpaka afike kwa mjomba wake, ambaye humchinjia na kumvika kipande cha nyama shingoni kabla ya kumrudisha kwao. Anayekutana naye barabarani hana haja ya kuuliza sherehe ni ya nani. Tangazo lenyewe limevaa shanga na linatoka jasho.

Naanza na chinyimba kwa sababu moja. Mwaliko ule huwafikia watu walewale watakaosimama kwenye sherehe. Bango la karatasi lilipofika pande hizi lilikuja na tabia nyingine: kwa karibu miaka mia moja, bango la mchezo wa kuigiza Kitale na Bungoma limekuwa likizungumza na mtu asiyekuwa mtazamaji wa kawaida. Kwanza lilizungumza na mwanachama wa klabu, baadaye na ofisa mwenye muhuri, kisha na mwalimu mkuu mwenye kitabu cha hundi. Ukitaka kujua kwa nini mabango yetu ya tamthilia yana sura yaliyo nayo, chunguza ni nani aliyepaswa kuridhika kabla pazia halijafunguliwa.

Ulaya nayo ilianza hivyo hivyo, kwa ruhusa. Mwaka 1587 mpiga chapa mmoja wa London, John Charlewood, alipewa haki ya peke yake ya kuchapa matangazo ya waigizaji. Shakespeare alipokuwa akifanya kazi jijini humo, tangazo la mchezo lilikuwa karatasi ya kubandikwa kwenye nguzo, na hakuna hata moja la majumba ya wakati wake lililosalia. Karne tatu baadaye, Januari 1895, wakazi wa Paris walikuta kuta zao zimepambwa kwa mabango marefu membamba ya Alphonse Mucha, Sarah Bernhardt amesimama na tawi la mtende kutangaza mchezo wa Gismonda, na watu wakayabandua wakaenda nayo nyumbani. Bango likawa sanaa ya mtaani. Lakini sanaa ile haikupanda treni kuja Trans Nzoia.

Treni yenyewe ilifika Kitale mwaka 1926. Mji ulikuwa mchanga, umezungukwa na mashamba ambayo serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi, wengi wao wanajeshi waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Walowezi wa nyanda za juu walipenda maigizo, tena sana. Nakuru walikuja kuwa na jumba lao la Nakuru Players. Nairobi, Donovan Maule na mkewe walianzisha kampuni ya maigizo ya kulipwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Na tarehe 6 Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa, mwigizaji Sir Ralph Richardson alifungua Jumba la Kitaifa la Maigizo. Michezo iliyopendwa ilikuwa vichekesho na hadithi za mauaji zilizokwisha kuvuma London.

Tangazo la mchezo wa namna hiyo halikuhitaji mvuto. Lilikuwa karatasi ndogo yenye maandishi matupu, mistari yote imepangwa katikati: jina la chama juu, jina la mchezo kwa herufi nene, mwandishi, tarehe, saa, bei ya tiketi, basi. Mpiga chapa aliokota herufi moja moja za risasi, na za mbao kwa maneno makubwa, akazifunga kwenye fremu. Picha ilitaka bamba lake la pekee, na bamba lilikuwa ghali. Kwa nini mtu aingie gharama hiyo wakati karatasi inaning'inizwa kwenye ubao wa klabu ambamo wanachama wote wanajuana kwa majina? Mwafrika aliyeliona tangazo lile aliliona akiwa amebeba sinia.

Upande wa Bungoma mambo yalikuwa tofauti. Huko hapakuwa na klabu za namna hiyo. Palikuwa na misheni, soko na baraza la chifu. Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na pamoja na Biblia na useremala walileta mashine ya kuchapa. Kutoka kwenye mashine za misheni kulitoka vitabu vya nyimbo na masomo, na maigizo yaliyofuata yalikuwa ya Krismasi na Pasaka, yakitangazwa kutoka mimbarani. Habari ya mchezo ilipita kwa mdomo. Mkusanyiko wa aina nyingine ulitazamwa kwa jicho baya, hasa baada ya Februari 1948, polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa kule Malakisi na serikali kuipiga marufuku dini hiyo ya Elijah Masinde. Katika nchi ambamo watu kukusanyika ni jambo la kuripotiwa, karatasi inayotaja mahali na saa ni ushahidi.

Mwaka 1959 ndipo tamasha la drama la shule likaanza, na hapo bango likapata mlango mpya. Kwa miaka mingi tamasha lilikuwa la Kiingereza na la walimu Wazungu, lakini shule za Magharibi zilijifunza upesi. Shule zilikuwa na mambo ambayo klabu hazikuwa nayo: wazazi wa kualikwa, shule jirani za kushindana nazo, na mashine ya Gestetner katika ofisi ya karani.

Mashine hii inastahili kuzungumziwa kidogo, maana ndiyo iliyochora sura ya kipeperushi cha tamthilia vijijini kwa zaidi ya miaka thelathini. Karani aliondoa utepe wa taipureta, akapiga maneno moja kwa moja juu ya stensili, karatasi laini yenye nta, ili kila herufi itoboe nta hiyo. Akikosea alipaka dawa yenye harufu kali, akangoja ikauke, akapiga tena. Stensili ilivalishwa kwenye pipa lenye wino, mpini ukazungushwa, na karatasi zikatoka zikiwa na unyevunyevu. Mwanafunzi mwenye kipaji cha kuchora aliitwa kutoka darasani, akapewa kalamu ya ncha ya chuma na kuambiwa achore kwenye stensili hiyo hiyo: kinyago, taji la mfalme, mkuki.

Aliyepata kazi hiyo alijifunza sheria moja haraka. Eneo kubwa la weusi haliwezekani. Ukikwaruza stensili sehemu pana, inachanika au wino unavuja ukaharibu ukurasa. Kwa hiyo jina la mchezo liliandikwa kwa herufi za mikondo mitupu, ndani nyeupe, na uso wa mhusika ukachorwa kwa mistari michache. Anayetazama vipeperushi vya aina hiyo leo anaweza kudhani uchache ule ulikuwa mtindo. Ulikuwa hofu ya kuchana stensili. Lakini matokeo yake yalikuwa mazuri, na kwa macho yangu yanashinda nusu ya kazi zinazotoka kwenye kompyuta sasa: jicho lilijua pa kuanzia, na hapakuwa na nafasi ya kusema zaidi ya ilivyohitajika.

Wakati huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wakileta maigizo mlangoni bila kiingilio. Makerere ilianzisha kundi lake la kusafiri mwaka 1965, likaigiza Uganda na Kenya kwa lugha mbalimbali, Kiswahili ikiwa mojawapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1974, John Ruganda akiwa miongoni mwa waliolisukuma gurudumu. Kwa mbunifu wa bango, mchezo wa bure ni furaha: mstari wa bei unaondoka, na pale uliposimama unaweza kuandika jina la uwanja kwa herufi kubwa. Tangazo la mdomo lilimaliza kazi iliyobaki.

Mwaka huohuo wa 1974, kwenye Mto Nzoia, Webuye, kiwanda cha Panafrican Paper Mills kilianza kutoa karatasi. Kilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya karatasi Afrika Mashariki, kikila misonobari ya mashamba ya serikali. Aliyewahi kupita barabara ya Kitale kwenda Webuye kupitia Kiminini na Misikhu enzi hizo alijua kuwa amekaribia kwa pua kabla ya macho. Moshi ule wa kiberiti ulikuwa ukitafuna mabati ya nyumba za majirani. Watu wa Webuye walilipia karatasi ya nchi nzima kwa mapaa yao. Daftari, gazeti, karatasi ya mtihani na kipeperushi cha mchezo vilitoka kwenye bomba hilohilo.

Karatasi ikapatikana, lakini kibali kikawa kigumu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, ilitaka mchezo wa hadharani uwe na leseni, na mabango ya filamu nayo yakaguliwe. Mikoani, leseni ilipitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Kilichotokea Kamiriithu kinajulikana: Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilinyang'anywa leseni Novemba 1977, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi, kwa tafsiri ya Kiswahili Mzalendo Kimathi, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga zilipewa siku chache tu kwenye Jumba la Kitaifa la Maigizo, huku kikundi cha densi kutoka Ufaransa na mchezo wa muziki wa Kizungu vikipata nafasi zao kwa raha.

Habari hizo zilifika Bungoma na Kitale pia, na zilibadilisha namna watu walivyoandika matangazo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, mwalimu wa drama mwenye akili hakuandika kwenye bango mchezo unahusu nini. Aliandika jina la mchezo, jina la shule, na maneno ya kumhakikishia msomaji kuwa ni burudani na mafunzo. Mgeni wa heshima alitajwa kwa cheo kamili, mara nyingi kwa herufi kubwa kuliko za mwandishi wa tamthilia. Watu hucheka mabango ya namna hiyo. Mimi siyacheki. Jina la mkuu wa wilaya juu ya bango lilikuwa leseni inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo ndiyo tamasha la shule lilipopata nguvu za Kiafrika. Wasambo Were, Mwafrika wa kwanza kusimamia drama katika ukaguzi wa shule, alilitoa tamasha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kulipeleka Kakamega. Shule za Magharibi zikawa wenyeji badala ya wageni. Mada za nyumbani zikapanda jukwaani, na Kiswahili kikapata nafasi yake. Imbuga mwenyewe alikuwa mtoto wa Maragoli, kwa hiyo Betrayal in the City ikichezwa Kakamega au Bungoma ilikuwa imerudi kwao.

Kisha ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4, na mtihani wa kwanza wa kidato cha nne wa KCSE mwaka 1989, na hapa ndipo bango la tamthilia lilipopata bwana wake wa sasa. Tamthilia iliyoteuliwa kutahiniwa ina soko la uhakika: kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nchini anapaswa kuijua. Vikundi vya Nairobi, Nakuru na Kisumu, na baadaye vya Kitale na Bungoma kwenyewe, vikagundua kwamba ukiiweka jukwaani hutafuti watazamaji; wamekwisha kukusanywa bwenini. An Enemy of the People na A Doll's House za Henrik Ibsen zimepita hapo. Kwa Kiswahili zimepita Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea, na Bembea ya Maisha, ya Arege tena. Ibsen aliandika kwa ajili ya majumba ya Skandinavia. Nchini Kenya, watazamaji wake wengi wamemwona kwenye bwalo la chakula, harufu ya maharage ikiwa bado hewani.

Hebu tutazame kazi hiyo kwa karibu. Mbunifu ana dawati katika duka la kuchapa karibu na stendi ya magari Kitale. Anayemlipa ni kiongozi wa kikundi, na kiongozi wa kikundi ana shida moja: kumshawishi mkuu wa idara ya Kiswahili na, juu yake, mwalimu mkuu. Mwanafunzi haamui lolote. Kwa hiyo vitu vinne vinapaswa kuonekana kwa mtu anayeinua macho kutoka kwenye rundo la barua: jina la tamthilia, jina la mwandishi, maneno kwamba mchezo unafuata kitabu kilichoteuliwa, na namba ya simu. Namba ya simu mara nyingi huwa kubwa kuliko jina la mwandishi, na ukifikiria vizuri ni haki yake.

Sasa picha. Tuchukue Kigogo. Hadithi iko Sagamoyo, chini ya Majoka. Tunu na Sudi ndio wanaompinga, na Sudi ni mchongaji anayekataa kuchonga kinyago cha kumtukuza mtawala. Mbunifu mwenye jicho angeweka patasi na gogo ambalo halijachongwa, na bango zima likasimama juu ya kukataa kule. Ni wazo zuri na litamponza. Mwalimu mkuu anatafuta kitu anachokitambua mara moja, na anachokitambua ni jalada la kitabu. Ndiyo maana mabango mengi ya tamthilia zilizoteuliwa huazima rangi, mwandiko na hata mchoro wa jalada la mchapishaji, kisha yakaongeza nyuso za waigizaji chini, zimepangwa kama picha ya mahafali. Hilo lina hatari ya hakimiliki ambayo wengi hawaitaji. Lina pia hasara ya sanaa: bango linatangaza kitabu wakati lilipaswa kutangaza usiku mmoja ambao kitabu kinasimama na kutembea.

Namna ya kutoka kwenye mtego huo ipo, na nimeiona ikifanywa. Bango la ukutani na kipeperushi vigawane kazi. Kipeperushi kiende mezani kwa mwalimu kikiwa na maelezo yote: kitabu, ratiba, masharti, simu, na jalada likionekana kwa udogo pembeni. Bango lining'inizwe kwenye ubao wa matangazo wa shule likiwa na patasi, gogo, jina na siku. Mwanafunzi akilipita mara kumi kabla ya onyesho atakuwa ameshaanza kujiuliza patasi ni ya nani. Kwa Bembea ya Maisha kamba mbili za bembea zinatosha. Kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969 na bado haijachuja, chupa ya maji ingetosha kabisa.

Ufundi wenyewe una mambo yake. A3 ni milimita 297 kwa 420, na karatasi moja ya A3 inakatwa vipeperushi vinne vya A5 bila kupoteza kitu, ndiyo maana vipimo hivyo viwili vimetawala. Kila upande huongezwa milimita tatu za rangi ya kukatwa, la sivyo kisu kikiteleza kidogo mstari mweupe unabaki ukingoni. Jukwaa hupenda weusi na wekundu, lakini wekundu unaowaka kwenye kioo cha kompyuta hutoka umepoa kwenye karatasi, kwa kuwa mashine huchanganya wino na haichanganyi mwanga. Mbunifu mzoefu huchapa nakala moja kwanza, akaitazama juani nje ya duka. Kazi ikiwa kubwa, faili hutumwa River Road, Nairobi, na mzigo ukarudi kwa basi la usiku. Gundi ya kubandikia ni uji wa unga wa ngano, na asubuhi mbuzi wa mjini nao hupita kukagua.

Pan Paper ilifungwa mapema mwaka 2009. Kampuni ya Rai ilikuja kukichukua kiwanda mwaka 2016, lakini kwa miaka ile ya katikati karatasi ya kuchapia bango la mchezo wa Bungoma ilikuwa imevuka bahari. Kuanzia hapo pia bango likaanza kuhama karatasi kabisa. Shule zilipofungwa Machi 2020 vikundi vilipoteza soko lao lote kwa siku moja, na waliosalia walijifunza kutangaza kwa simu. Leo bango la mchezo huzaliwa likiwa picha ya mraba ya WhatsApp, lenye maneno mengi kuliko skrini inavyoweza kubeba, kwa sababu mwenye kikundi amehamishia kila kitu kilichokuwa kwenye kipeperushi. Gestetner ingemkatalia. Simu haimkatalii lolote.

Na ofisa mwenye muhuri hajaondoka. Mwaka 2013 mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala, ulizuiwa usiende tamasha la kitaifa mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Aprili 2025 shule hiyohiyo, na mwandishi yuleyule, walifika Nakuru na Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeruhusu, lakini wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka, na mabomu ya machozi yakarushwa. Butere si mbali na Bungoma. Mwalimu wa drama wa Bungoma anayeandaa bango mwaka huu anajua hivyo, na hata akiwa na patasi na gogo tayari kwenye kompyuta yake, anajua pia ni nani mwingine atakayelisoma.

Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 umepangwa kufanywa mwaka 2027. Wanafunzi wa mtaala mpya walioingia sekondari ya juu wanaweza kuchagua njia ya sanaa na michezo, ambamo maigizo na filamu ni somo la kufanyiwa kazi kwa mikono. Huenda kwa mara ya kwanza bango la tamthilia Kitale likabuniwa na mwanafunzi kwa ajili ya wanafunzi wenzake, na alama zikatolewa kwa bango lenyewe. Vikundi vya kusafiri tayari vinajadiliana nini cha kufanya na mabaki ya vipeperushi vya Bembea ya Maisha.